Daraja Lililohesabu Watu

Nilipokuwa mtoto, hakuna aliyevuka daraja la mawe la kijijini kwetu, upande wa Ngorongo, bila kupiga hodi. Ulisimama mwanzo wa daraja ukataja mko wangapi. Wazee walisema waliobeba mawe yale enzi za Mjerumani walihesabiwa asubuhi na jioni kama mbuzi, na jioni moja akapungua mmoja. Kazi haikusimama. Tangu hapo daraja lenyewe likawa linahesabu, na asiyetajwa hubaki nalo.

Siku mama aliposhikwa na uchungu, baba na jirani watatu walimbeba kitandani kwenda zahanati, ng'ambo ya kijito. Bibi, mzaa baba, alitangulia; mimi nilibeba beseni na kanga. Kufika darajani bibi akainua mkono.

"Hodi. Tuko saba."

"Wanane, mama," mama akasema kutoka kitandani.

"Aliye tumboni hahesabiwi, mwanangu. Unamwitia mabaya."

"Na asiyetajwa je?"

Bibi akashusha mkono. Miiko yote miwili alifundishwa na mama yake, na hakuna aliyemwambia ikigongana ashike upi.

"Bi mkubwa, kitanda kizito hiki," jirani mmoja akanung'unika. "Mtabishana tukishafika."

Tukavuka tukiwa saba.

Mtoto alizaliwa adhuhuri, amekwisha kufa. Nilikuwa mlangoni mkunga alipomweleza mama, polepole, kwamba kamba ya kitovu ilimzonga shingoni, pengine tangu jana, na njiani pasingefanyika lolote la kumwokoa. Bibi alikuwa nje akichota maji ya kumwoshea. Hakuyasikia maneno yale.

Tangu siku ile bibi hakukanyaga daraja. Aliteremka kijitoni na mzigo wa mpunga kichwani, maji yakimfika kiunoni, hata miaka ya mafuriko. Watoto tulimwita Bibi Kiboko. Mama, aliyekuwa amesikia ya mkunga, alimtazama, akageuka. Simlaumu, huenda alihitaji mtu wa kubeba msiba ule pamoja naye.

Lakini mimi? Nilikuwa na maneno ya mkunga, nikayakalia miaka, kwanza kwa kuwa mtoto haingilii ya wakubwa, kisha kwa kuwa niliona haya kuchelewa. Hadi leo sijatulia. Nilipokata shauri kumwambia, masikio ya bibi yalikuwa yamekwisha kuziba. Alinitazama mdomo ukicheza mpaka nikamaliza, akatabasamu, akaniuliza kama nimekula.