Mitumbwi Isiyogusa Ukingo

Siku hizi ukishuka kwenye soko la ukingoni mwa mto pale Bukama unakuta pikipiki zimejipanga mpaka karibu na maji, na kila mfanyabiashara ana simu sikioni, anaagiza samaki ambao bado wanaogelea. Watoto wangu wanaliona soko kubwa. Nawacheka! Soko lile nimeliona likiwaka moto wa biashara, na nimeliona vita vikilizima.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini baba yangu alikuwa mwalimu Kamina, na mshahara wake ulikuwa umegeuka hadithi. Mama, mwimbaji wa kwaya kanisani kwetu kwa Wamethodisti, mwanamke asiyewahi kupandisha sauti barabarani, akaamua kupanda treni kwenda Bukama kununua kambale wa moshi na kuwauza Kamina. Samaki hao ndio walionisomesha. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na wakati wa likizo nilikwenda naye.

Lo, ukingo ule! Mitumbwi kutoka Mulongo ilikuwa inaingia imejaa pomoni, na kabla haijasimama wanawake walikuwa wameshaivamia, huyu kashika kapu, yule kashika mkono wa mvuvi, wote wanataja bei kwa pamoja. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, na nilipiga.

Mama alichagua kapu zuri, akapatana na mvuvi, halafu akafanya kile tulichozoea nyumbani kabla ya jambo lolote. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, akaanza kushukuru. Sala ya kwetu haina haraka. Alipofika kwenye wagonjwa na wasafiri, mke wa askari mmoja wa kambi ya Kamina alikuwa ameshalipa, na kapu liko kichwani mwake.

"Mama," alimwambia akicheka, "huku bantu banasali na macho wazi!"

Ukingo mzima ulicheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kuwazidi. Mama alinuna mpaka Kamina. Safari iliyofuata alisali ndani ya treni, akawamaliza wagonjwa na wasafiri wote huko huko, na ukingoni akashuka viwiko vyake vikiwa tayari. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtangulia kwenye kapu.

Miaka michache baadaye vita vikaja. Treni ikawa ya askari, halafu ikawa haiji kabisa. Mwaka huo nilikuwa nimebakiza darasa moja tu nimalize sekondari. Mimi na mama tulikwenda Bukama kwa miguu pamoja na wasukumaji wa baiskeli za mizigo, tumebeba chumvi, maana wavuvi hawakutaka tena pesa. Asubuhi tulipoondoka baba alisema bila kunitazama, "Kama samaki inakosa mara hii, masomo ya mutoto njo inaisha. Ataenda kulima kwa shangazi yake Kabondo-Dianda."

Tulifika tukakuta ukingo mtupu. Mitumbwi ilikuwepo, lakini imesimama mbali majini, kwa sababu askari walikuwa wanachukua samaki bila kuuliza bei. Aliyetaka samaki ilibidi aifuate. Wanawake wa Bukama walikuwa wakiingia mtoni na chumvi kichwani, wakirudi na makapu.

Na nani amesimama pale akilia? Yule mke wa askari. Wavuvi walimjua mume wake, na kila alipokanyaga maji walipiga makasia kurudi nyuma.

"Mama, unisaidie," alisema akijipiga kifua. "Minyi banakimbia."

Nilingoja mama amkumbushe lile kapu. Moyoni nilikuwa nimeshamwandalia maneno, tena makali. Mama alichukua mfuko wa chumvi wa yule mwanamke, akauweka juu ya wetu kichwani, akaingia mtoni na sketi yake ya kanisani.

Maji yalimfika kiunoni, kifuani, mabegani. Nilirukaruka ukingoni nikimshangilia kama mtu aliye kwenye mpira. Mara moja aliteleza, kichwa kikazama, ikabaki mikono miwili imeinua chumvi juu ya maji. Nikashangilia zaidi, nikidhani anapiga mbizi! Akaibuka, akafika, wakapatana. Alirudi na kapu la mwenzake, akaingia tena kufuata letu. Nilijua sasa kwamba nitarudi darasani, na furaha ilinipanda mpaka nikamkumbatia yule mke wa askari.

Mama alipotoka mara ya pili nilimfunika kitenge.

"Mama! Nani alikufundisha kuogelea hivyo?"

"Nani amekuambia minyi najua kuogelea?"

Nilikaa chini matopeni nikalia kwa sauti, mbele ya watu. Mama aliikamua sketi yake, akaniambia niache ujinga na nifunge makapu, kwa sababu njia ni ndefu na darasa halitanisubiri.