Mama na Gari la Harusi

Nikisikia harufu ya sangara wa kukaanga, naliona lile gari kuukuu likimpeleka dada kanisani. Lilikohoa pale Kisesa mpaka kuku wa wilaya nzima wakahama. Fundi, mzee wa mvi, alilichokonoa weee, likazidi kumisi, mngurumo ukikatikakatika. Dada analia, poda inachuruzika.

Mama yangu, mkaanga samaki, akamwambia fundi, "Baba, hebu sogea."

Injini ikiunguruma, akachovya vidole kwenye maji, akayarushia mabomba ya moshi pale yanapotoka kwenye injini, moja moja, kama anavyopima joto la kikaango. Chwaa! Chwaa! La tatu kimya.

"Hapa hakuna moto."

Yule mzee akainama. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Badilisha plagi."

Tulipaa! Kanisani tukamkuta bwana harusi bado anafunga viatu.