Zawadi ya Kushona Kola

Bosi alipotangaza shindano la kushona kola nyingi zaidi kwa siku, mshindi apewe zawadi, wanaume wa karakana yetu walivuta viti kabla hajamaliza kusema. Sisi wanawake tulimgeukia Mama Pindo, ambaye kwa kasi hakuna anayemfikia. Yeye alimtazama bosi kwa jicho la pembeni, akaendelea na kazi yake taratibu.

“Shemeji, unatuogopa wanaume?” akamtania fundi mmoja, rafiki wa mumewe.

“Mtu ambaye hata feni imemshinda kutununulia, leo anagawa zawadi? Shindaneni tu.”

Fundi akashinda, akapewa fulana, akatembea nayo kifua mbele. Kesho yake bosi akatoa agizo: kuanzia leo, kila fundi afikishe idadi ya mshindi kila siku.

Mama Pindo hakuinua hata kichwa.

“Hiyo fulana, shemeji, umetuvisha sote.”