Mlolongo Ndani ya Darasa

Mimi ni mwalimu mkali na sina mpango wa kubadilika. Nafundisha siasa katika chuo kidogo huko Aston, Birmingham, mtaa ambao siku za mechi huwezi kupata pa kuegesha hata baiskeli. Wanafunzi wangu ni watu wazima waliokatiza masomo kwa sababu ya vita, ndoa, kazi, na wengine, wenyewe wanakiri, uvivu tu. Sasa wanataka cheti cha kuwaingiza chuo kikuu. Katiba, bunge, vyama, uchaguzi: nimevifundisha miaka mingi kiasi kwamba naweza kuvieleza huku nikitafuta miwani yangu mkobani.

Nusu ya darasa lile walijua Kiswahili, kila mmoja cha kwao. Tulisoma kwa Kiingereza, lakini ugomvi ukipamba moto Kiswahili kilijitokeza chenyewe, na wenzetu wengine wakakaa wakisubiri tafsiri. Mwaka ninaousimulia walikuwa watu kumi na tisa, na walichogombania ni saa.

Kozi yetu ilianza saa tatu asubuhi. Uongozi wa chuo ukafikiria kuihamishia jioni, ukaomba kila darasa lichague mwakilishi mmoja aende kikaoni na msimamo wa wenzake. Ukilisikia kwa mbali ni jambo dogo. Kwa mama mmoja wa darasa langu lilikuwa jambo la kumaliza masomo au kutomaliza. Alikuwa Msomali aliyekulia Garissa, akaishi Uholanzi miaka kumi, kisha akahamia Birmingham na watoto wanne na mume dereva wa malori anayelala njiani siku nne kwa wiki. Alitaka kusomea sheria. Kozi kama ile alikuwa ameianza mara mbili, na mara mbili akaiacha.

"Mwalimu, jioni mimi ndio mama, ndio baba, ndio homework," aliniambia. "Waki-change hii class iwe jioni, wallahi mimi nimekwisha. Sirudi tena mara ya nne."

Akajitokeza kugombea. Mpinzani wake alikuwa bwana mmoja wa Bukavu aliyefanya zamu ya usiku kwenye mtambo wa taka kule Tyseley. Alikuja darasani na suti, tai na macho mekundu, na kila siku ikifika saa nne na nusu kidevu chake kilikuwa kimeshagusa tai. Yeye aliitaka jioni, ili alale mchana, aoge, asome akiwa na akili zake, kisha aende kazini. Nilimpenda sana bwana yule. Alisoma kuliko wote, na aliongea kuliko wote pia.

Baina yao alikuwepo mtu wa tatu. Alikuwa wifi yake yule mama, dada wa mumewe, mtu mpole mwenye magoti mabovu, anayekaa Stechford nyumba ya tatu kutoka kwa yule bwana. Kila asubuhi bwana akitoka kazini alimpitia na gari lake, wakaja pamoja. Bila lifti ile ilikuwa mabasi mawili na kungoja katikati yake, na kwa magoti yale sidhani angeendelea kusoma hadi Pasaka.

Mimi nikaona Mungu amenipa somo. Wiki ile tulikuwa tumefikia kura ya siri, nami kura ya siri siifundishi kutoka kitabuni. Mimi ni mtoto wa enzi za mlolongo. Kwa asiyejua, kulikuwa na wakati Kenya ambapo wapiga kura walipanga mstari nyuma ya picha ya mgombea, mchana kweupe, wakahesabiwa vichwa kama mbuzi. Nilikuwa darasa la pili. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na foleni zilipangwa katika uwanja wa shule yake mwenyewe. Kila jioni mezani kwetu baba alimtukana mgombea mmoja mpaka mama akamwambia ashushe sauti. Asubuhi ile nilisimama kwenye ua nikamwona akienda moja kwa moja nyuma ya picha ya mtu yule yule. Chifu alikuwa kando na daftari lake. Baba alitazama viatu vyake muda wote, na aliporudi nyumbani hakula. Alikuwa na watoto sita na ajira ya serikali. Sijawahi kumlaumu, lakini nilimwonea aibu siku ile, na aibu hiyo ndiyo iliyonifanya mwalimu wa siasa.

Basi nikawasimamisha. Mama mbele ya dirisha, bwana mbele ya ubao, na wale kumi na saba wengine nikawaambia kila mmoja asimame nyuma ya anayemtaka. Wakacheka, wakasukumana, wakapanga. Kwa bwana kumi na mmoja. Kwa mama sita. Yule wifi alisimama nyuma ya bwana, mkoba kifuani, akitazama viatu vyake. Mama wa Garissa alimwona wifi yake, akageuka kutazama nje dirishani.

Nikawaambia wakae. Nikatoa kopo la biskuti, nikawagawia vikaratasi wale kumi na saba, kila mmoja akaandika akiwa amekinga mkono. Tukahesabu mezani, wote wakitazama. Kwa mama kumi. Kwa bwana saba.

Nikasimama mbele yao nimejaa furaha ya mwalimu ambaye somo limemkubalia. "Mmeona?" nikasema. "Watu wale wale, chumba kile kile, dakika kumi tu. Hongera mama, wewe ndiye mwakilishi wetu."

Yule bwana akainuka pole pole, akafunga kifungo cha koti.

"Non, mwalimu. Miye njo nilishinda. Bantu bote baliona." Kwao bantu ni watu.

"Ule mstari ulikuwa mfano tu."

"Ulisema lini kama ni mfano?"

Nikarudi kichwani dakika ishirini nyuma, nikatafuta mahali niliposema, nisipapate. Sikuwa nimesema. Kwangu mimi, na kwa Mkenya yeyote wa rika langu, mlolongo na wizi ni ndugu. Haikunipitia kabisa kwamba kuna mtu duniani anayeweza kuuchukulia kuwa uchaguzi. Kila mwaka, somo la kwanza, huwaambia: kanuni zitajwe kabla ya kuhesabu. Mkuki kwa nguruwe.

"Kwenu sijui," akaendelea, na sasa hakuwa na usingizi hata kidogo. "Kwetu mwizi ni sanduku. Sanduku inatoka huku na kura mia, inafika kule na mia tatu. Lakini bantu wakisimama na miguu yabo, nani ataiba miguu? Sasa hii kopo yako ya biskuti, mwalimu, nitaiamini namna gani?"

Darasa likavunjika. Kijana mmoja akasema hiyo si fair hata kidogo. Mwingine akasema turudie. Wasiojua Kiswahili wakataka kujua kumetokea nini, nikawatafsiria, na nilipofika kwenye sehemu ya kosa langu nikaitafsiri yote. Siwezi kusema nilifurahi. Lakini kosa la mwalimu likishaonekana na watu kumi na tisa, kulifunika ni kujichosha.

"Bwana amesema kweli," nikasema. "Nimekosa mimi. Kanuni sikuitaja."

"Basi basimame tena," akasema. "Kama kweli walimchagua mama, basimame tubaone."

Hapo nikakataa. Nilimwambia nitafanya lolote lingine, nitakwenda kwa wakuu kueleza kosa langu, lakini katika darasa langu hakuna mtu atakayelazimishwa kusimama ili aonekane. Nadhani sauti yangu ilipanda. Mama wa Garissa alikuwa ameshaanza kukusanya daftari zake. Alizipanga mkobani taratibu, kubwa chini, ndogo juu, na nikajua ameshalimaliza jambo lile kichwani, kama zile mara mbili za kwanza.

Ndipo kiti kikasogea. Wifi yake alisimama, akajishika meza kwa sababu ya goti, akachukua mkoba. Hakuna aliyemwambia. Alipita mbele ya dawati la yule bwana, akazunguka viti, akaenda kusimama nyuma ya wifi yake na kumwekea mkono begani.

"Samahani, kaka," akamwambia yule bwana. "Kwa mstari nilisimama kwako sababu ya gari. Kwa karatasi niliandika huyu. Ni wifi yangu, na akiacha tena masomo, mimi nitamwangalia aje usoni?"

Hakuna mwingine aliyesogea. Nilimtazama yule bwana, na kusema kweli niliogopa. Nilizijua hesabu za mabasi mawili kama alivyozijua yule wifi.

Bwana alitazama lile kopo la biskuti. Akalichukua, akaligeuza, akatazama ndani.

"Kama yeye ametoka kwa mstari yangu," akasema, "basi hii kopo haikuiba." Akalirudisha mezani. Kisha akamgeukia yule wifi, uso mkavu. "Dada, ile gari ni yangu. Si ya serikali. Kesho saa mbili na nusu nitakuwa kwa mlango wako kama kila siku, na usinicheleweshe."

Alikaa. Darasa lote likacheka kwa pamoja, hata wale waliokuwa bado wakisubiri tafsiri. Mama wa Garissa alicheka huku akijifuta macho na ncha ya mtandio, na daftari zikatoka tena mkobani, moja moja.

Alikwenda kikaoni wiki iliyofuata. Aliniambia baadaye kwamba alianza kwa kueleza habari ya mtu anayetoka kazini alfajiri na kuja darasani bila kulala, halafu ndipo akaeleza ya watoto wake. Aliomba kozi ibaki asubuhi lakini ianze saa tano, na wakamkubalia. Yule bwana akawa analala kwa saa mbili nzima kabla ya darasa. Bado alisinzia, lakini sasa ilikuwa kwa heshima. Mama alimaliza kozi. Sasa anasomea sheria, na akinipigia simu ananisahihisha.

Jioni ya siku ile ya uchaguzi nilimpigia baba, Nakuru. Ni mzee sasa, anasikia kwa sikio moja, na ile asubuhi ya uwanjani hatukuwahi kuizungumza hata mara moja. Nikamsimulia yote, kopo, miguu, gari, nikirudia kila anapopotea. Nilipofika pale yule mwanamke aliposimama mbele ya watu wote, akavuka na kwenda upande wa pili, baba aliniambia nirudie hapo, nikarudia.

"Na huyo mwanamke," akauliza mwishowe, "walimfanya nini?"

"Hawakumfanya kitu, baba," nikamwambia. "Alipewa lifti."