Koti la Renty Ndani ya Pipa la Rangi

Binah Gadsden alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliipitisha amesimama: mbele ya beseni, mbele ya pasi, chini ya kamba ya nguo. Mtaa mzima wa LaVilla, pale Jacksonville, ulimjua kwa vifundo vyake vya miguu, vilivyofura kila jioni vikamwagika juu ya viatu kama unga uliozidi hamira. Ukimwuliza hali alijibu, “Nimechoka, lakini nipo,” na watu wakacheka, maana alijibu hivyo hivyo tangu siku ya harusi yake.

Desemba ya mwaka 1910 walirudi watu wa sinema. Kila baridi ilipowabana huko kwao kaskazini walishuka na masanduku yao kulifuata jua la Florida, kwa kuwa bila jua kamera zao zilikuwa vipofu. Safari hii picha yao ilimhusu msichana mpelelezi wa wakati wa vita vya Kaskazini na Kusini. Binti wa mwenye shamba wa Kusini anapenya kambi ya adui, anaiba ramani, kisha anatoroka juu ya farasi amevaa koti la askari wa Kaskazini. Sinema siku hizo zilikuwa hazisemi. Mpelelezi alipaswa kuogopa kwa macho na mabega tu. Binah alipewa siku sita ashone makoti thelathini ya buluu.

Ishirini na tisa aliyamaliza. La thelathini lilikuwa la mwigizaji wa mpelelezi mwenyewe, Bibie Corinne Vail, mwanamke mwembamba kama ufito, na kwake hakuna kipimo kilichokaa. Siku ya sita Binah aliketi kwenye cherehani, akaiona sindano moja ni mbili. Uchovu ni mshauri mbaya. Aliinuka akaenda kufungua sanduku la marehemu mumewe.

Renty Gadsden alitoroka utumwa kwenye shamba la mpunga akiwa na miaka kumi na sita, akaingia jeshi la Kaskazini katika kikosi cha weusi. Koti walilompa lilikuwa la kijana. Kila tarehe mosi Januari, Siku ya Uhuru wa watumwa, alitembea nalo hadi kanisani. Alipojaa kifua akawa analibeba mkononi. Alipokufa, Binah ndiye aliyelibeba. Huo ndio uliokuwa utaratibu wao: koti la askari aliyekufa halilali nyumbani siku ile. Mjane hulilaza juu ya mkono wa kushoto, vifungo nje, jina la mumewe likiitwa anaitikia yeye.

“Unamvika mpelelezi wa watu wa Kusini koti la Renty?” Lovey, jirani yake, alishika kiuno. “Shauri yako. Mzee atafufuka aje akuchape.”

“Akifufuka anisaidie kushona.”

Kesho yake alasiri Bwana Loomis, mwongozaji wa picha, aliingia uani kofia mkononi. Nyuma yake Bibie Vail alichechemea, na nyuma kabisa ukaja mkokoteni umerudisha makoti yote.

“Shangazi, tumeharibikiwa,” alisema Loomis. Wazungu wote walimwita shangazi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumletea samaki kama mpwa anavyomletea shangazi yake. “Kamera haiioni buluu. Inaiona nyeupe. Nimepiga picha ya majaribio, nimepata kikosi cha waoka mikate.”

“Si wewe uliyetaka buluu?”

“Nilitaka kitu cha kweli. Mpiga picha alinionya, nikamwambia anyamaze.” Alijifuta jasho. “Yatie yote rangi ya kahawia. Kahawia inatoka nyeusi nyeusi, na watazamaji wataona buluu wenyewe. Nayataka kesho saa nne, jua likipanda.”

“Ishirini na tisa utayapata.”

“Ni thelathini.”

“La thelathini nilikukodishia tu, ni la mume wangu. Tarehe mosi nalibeba mbele ya watu waliopigana pamoja naye. Halitiwi rangi.”

“Na Bibie Vail atatorokaje? Kwa gauni la kulalia?”

“Nitamshonea jingine.”

“Lini, Shangazi?”

“Kabla ya saa nne.”

Bibie Vail alikuwa ameegemea nguzo ya kamba, mkono nyongani. “Mwache, Loomis,” alisema. “Nimeanguka farasini mara nne tangu asubuhi. Hata ukinivika gunia sitalijua. Lishikize kwa mishono mirefu tu, Bi Gadsden.”

Binah aligeuka nyuma kutazama kama mama mkwe wake amesimama pale. Hakuzoea kuitwa hivyo na mzungu.

Basi akashona. Lovey alikuja alfajiri akamkuta bado anapiga nyuzi nyeupe za kushikizia koti jipya, macho mekundu, uji wa mahindi umeganda kwenye bakuli. Wakawasha moto chini ya mapipa mawili. Mliowahi kutia sufu rangi mnajua: maji yanataka moto usiozidi, nguo inataka kukorogwa bila kuachwa, na mvuke unapanda puani mpaka huli kitu siku nzima. Koti baada ya koti liliingia likatoka. Makoti mawili madogo, la Renty na lile jipya, Binah aliyaweka kwenye kiti, moja juu ya jingine, la Renty likiwa chini.

Mara upepo ukaangusha lile la juu. Lovey akaliokota, akalirudisha bila kutazama, sasa likawa chini ya la Renty. Mkokoteni wa Loomis ulishafika langoni, mwendeshaji anapiga mluzi. Binah alinyoosha mkono nyuma, akachukua koti dogo la juu, akalizamisha. Alikoroga macho yamefumbwa nusu, akihesabu pumzi.

“Binah,” Lovey aliita kwa sauti ndogo. “Hili kitini lina nyuzi nyeupe.”

Binah alitazama kiti. Kisha akatazama pipa. Alilitoa koti kwa fimbo, maji ya kahawia yakichuruzika. Akalisuuza mara moja. Akalisuuza mara ya pili, na ya tatu. Hakulia, kulia kungemtaka aketi. Alilitundika koti la Renty peke yake mwisho wa kamba, akachukua lile jipya akalitumbukiza, maana mkokoteni ulikuwa unangoja.

“Ni mimi niliyelirudisha vibaya,” Lovey alisema.

“Mkono uliochovya ni wangu.”

Siku ya mwisho wa mwaka Lovey alileta kunde za kupikia wali wa kesho, akazichambua. Mwishowe akasema, “Mwaka huu liache nyumbani. Sema limeliwa na nondo.”

“Na mwakani niseme nini? Kwamba nondo wamelitapika?”

Tarehe mosi alivaa gauni lake jeupe akasimama kwenye mstari wa wajane, koti juu ya mkono wa kushoto. Minong'ono ikaanza nyuma yake. Ndugu Prince Mobley, aliyepigana pamoja na Renty na ndiye aliyekuwa akiita majina, alipita akikagua kwa fimbo yake. Akasimama.

“Hilo la nani, Dada Binah?”

“La Renty.”

“La Renty lilikuwa la buluu.”

“Nililikodisha kwa watu wa sinema,” Binah alisema. “Kisha nikalitia rangi kwa mkono huu. Sikukusudia, Ndugu Mobley. Nilikuwa nimechoka.”

Mzee alilishika koti, akapapasa kola, akageuza kifungo kimoja hadi akaiona alama ya ndege tai wa jeshi.

“Tulipopewa makoti haya,” alisema, “tulitembea siku tatu kwenye matope. Yalikuwa rangi hiyo hiyo. Na Renty alilalamika njia nzima.” Mtu mmoja alicheka. Mzee hakucheka. “Mwaka ujao usikodishe.”

“Sitakodisha.”

“Shika mstari.”

Manyunyu yalianza kabla hawajafika mtaa wa pili. Rangi haikuwa imekolea barabara. Walipofika mlango wa kanisa jina la Renty likaitwa, Binah akaitikia, na ubavu mzima wa gauni lake ulikuwa umeingia kahawia. Hakuhamisha mkono.