Nilifunga inverter kwenye Coaster niliyoigeuza nyumba, mtaa ukasema nimefukuzwa na mke

Heshima kwenu, wakuu.

Humu ndani huwa nasoma zaidi kuliko kuandika, lakini leo furaha imenizidi. Ninayosimulia nimeyashuhudia mwenyewe, na yanayopimika nimeyapima. Pale nilipopata habari kwa kusikia, nitasema kwamba nilisikia.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, mkazi wa Singida Mjini. Nilinunua basi dogo chakavu aina ya Coaster, nikang'oa viti, nikaweka kitanda, jiko dogo la gesi na tangi la maji. Ni nyumba inayotembea.

Haikuwa anasa. Mke wangu, Mama Salma, ana pumu. Anatumia nebulizer, ile mashine ya umeme inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu ambao mgonjwa huuvuta kwa barakoa. Dada yake mkubwa, Bi Mwajuma, anaishi pembezoni mwa Rungwa, ambako nguzo za umeme hazijafikia nyumba yake. Mmoja hathubutu kulala pasipo na umeme, mwingine mgongo wake hauvumilii basi. Walibaki kusikilizana kwa simu tu.

Nikaamua kwamba umeme utasafiri na mke wangu.

Ushauri ukamiminika. Mmoja alisema inverter, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, zote ni sawa. Mwingine alisema lazima ichome gari. Nilipowauliza kama wamewahi kupima, jibu lilikuwa moja: "Nasikia, Mwalimu."

Nilichagua pure sine wave, kwa sababu mota ya mashine ya dawa inahitaji umeme wenye wimbi laini kama wa nyumbani. Nilinunua pia betri ya pili kwa matumizi ya nyumba, ili ile ya kuwashia gari isiguswe.

Fundi wangu, Hamisi, alitaka inverter ikae mbele kwa dereva, na waya mwembamba utambae hadi kwenye betri iliyoko nyuma.

"Itakubali tu, Mwalimu. Wote tunafunga hivyo."

"Wote ni akina nani?"

"Aah, Mwalimu! Mtihani tena?"

Tukafunga alivyotaka, tukawasha birika dogo la umeme. Inverter ikapiga kelele, ikajizima. Tukarudia, safari hii nimeshika mita. Kwenye betri zilikuwepo volti kumi na mbili. Kwenye inverter, birika likivuta umeme, hazikufika hata kumi na moja. Umeme ulikuwa unapotelea njiani, na waya ulishaanza kupata moto.

Tukaihamishia inverter nyuma, jirani na betri, katika kabati lenye matundu ya hewa. Waya mfupi, mnene, na fyuzi karibu kabisa na betri.

"Waya huu ni wa kuvutia lori lililokwama," Hamisi akanitania.

Tukawasha birika. Maji yakachemka, inverter haikulia. Wakuu, nilipiga makofi na umri huu wangu! Hamisi naye akapiga.

Yakabaki majaribio. Mama Salma alikuwa na sharti lake: "Tangulia wewe ulale humo. Ukiamka hujaungua, nitakuja."

Nikawa nalala ndani ya gari uani kwangu, feni na taa vikiwaka, nijue betri inadumu kiasi gani. Nilirudia, maana jaribio moja si ushahidi. Asubuhi nilishuka na taulo na mswaki, majirani wakinitazama kwa huruma ambayo sikuielewa.

Baadaye nilifuatilia. Jirani alimwambia muuza kuku sokoni, muuza kuku akamwambia mteja wake wa Itigi, naye ana ndugu Rungwa. Umeme wangu ulipungua njiani, lakini habari yangu iliongezeka.

Alasiri moja bodaboda ikasimama getini. Akashuka Bi Mwajuma, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika dumu la asali.

"Shemeji, uzee wote huu ndiyo unafukuzwa ndani?"

"Karibu, Shemeji. Nimefukuzwa na nani?"

"Usinizungushe! Mpaka Rungwa tunajua unalala kwenye gari kama utingo. Jambo la ndoa haliulizwi kwa simu, ndiyo maana nimevumilia basi na mgongo huu. Mdogo wangu yuko wapi?"

Mdogo wake alikuwa ndani ya gari hilohilo, akipanga vyombo. Akachungulia dirishani.

"Dada! Kuna msiba?"

"Msiba ni ninyi!"

Tulipoelezana, yeye uvumi na mimi majaribio yangu, Mama Salma alicheka hadi akashika mlango. Kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaleta ule mluzi wa kifua ninaoujua.

Nikabonyeza swichi. Taa ya kijani ikawaka, mashine ikanguruma kwa utulivu kama iko sebuleni, ukungu ukaanza kutoka. Bi Mwajuma alikaa kitandani akamshika mdogo wake mkono mpaka pumzi iliporudi.

Ndipo akaniuliza taratibu, "Kitu hiki kinaweza kufika kwangu?"

"Kimefungwa kwa ajili ya kufika kwako."

Tulimrudisha akiwa amelala kitandani, akilalamikia uendeshaji wangu kuanzia Manyoni, ila mgongo hakuutaja. Naandika haya nikiwa Rungwa. Mama Salma amevuta dawa yake asubuhi mbele ya nyumba ya dada yake, na sasa wanabishana jikoni kuhusu chumvi. Sijawahi kufurahia kelele namna hii.

Nilichojifunza: umeme hauangalii wangapi wanafunga hivyo. Pima volti huku kifaa kikivuta umeme, fupisha waya, weka fyuzi, kisha lala humo mwenyewe kabla ya kumlaza mgonjwa.

Kuhusu uvumi sina ushindi wa kutangaza. Hapa kijijini kila mtu anajua kwamba Bi Mwajuma alikwenda Singida akasuluhisha ndoa yetu. Nimekanusha, hakuna anayenisikiliza, na mwenyewe anapokea pongezi.

Waliowahi kufunga inverter kwenye gari, karibuni mchangie. Ila tafadhali, andikeni mlichokipima.