Ndege Akija Uwanjani

Dastani wa Lionja alikuwa mtu wa kuangalia juu. Akiwa shambani kwenye ufuta, akisikia mngurumo tu, jembe linalala, naye anabaki mdomo wazi mpaka ndege ipotelee upande wa Ruangwa. Mkewe, Dionisia, alishachoka kusema.

"Baba Domitila, siku moja utalima mguu wako."

Mwaka wa 1949, enzi za mradi wa karanga, uwanja wa Nachingwea ulitangaza nafasi ya mshika bendera, yule anayesimama kando ya njia na kuiruhusu ndege itue. Ilisemekana mshika bendera hodari hupandishwa ndege hadi Lindi. Basi Dastani hakutaka kingine duniani. Aliota mchana kweupe: mawingu chini ya miguu yake, kimya kimeenea, nyumba yake imekuwa ndogo kama kibuyu.

Mtihani ulikuwa wa maandishi, alama mia, na wa kufaulu sharti apate hamsini. Maswali aliyatunga bwana wa uwanja, Mwingereza, kwa Kiswahili chake mwenyewe. La mwisho liliuliza: "Ndege akija uwanjani, utafanya nini?"

Dastani alilisoma mara mbili. *Akija.* Nyumbani kwao walisema Kimwera. Kiswahili alikipata shuleni, kwa fimbo. Wa manyoya anakuja, ya chuma inakuja, ndivyo alivyofundishwa, na makalio yake yalikumbuka. Akaandika: "Nitamfukuza."

Uwanja mzima ulicheka siku tatu. Kazi alipewa Ignasi, karani mwenye mwandiko wa kupendeza, aliyepata tisini na moja. Dastani alipata thelathini na nane, fyekeo la kukatia nyasi za uwanja, na jina jipya: Fukuza. Aliyekosea ni aliyeuliza, lakini nani angethubutu kumwambia? Iliuma. Miaka ikapita na bado iliuma, ingawa alipofyeka alizisindikiza ndege kwa macho vilevile, na mara nyingine alijiona yumo ndani yake.

Mradi ukafa. Matrekta yakashika kutu, ndege zikawa za kuhesabu.

Asubuhi moja ya Desemba 1953, baada ya mvua ya kwanza, kumbikumbi walitoka ardhini, na korongo wakawafuata. Walitua kundi zima mwisho wa njia, mbali na macho ya Ignasi. Ndege ya Lindi ilikuwa inashuka. Ignasi akatazama njia, hakuona gari wala mbuzi, akainua bendera ya kijani.

Dastani alikuwa kule mwisho na fyekeo lake. Hakuwaza. Alikimbia akipiga kelele kwa Kimwera, kofia mkono mmoja, fyekeo mkono wa pili. Korongo wakainuka taratibu, weupe, wakaelea kuelekea Marambo. Magurudumu yakagusa palepale walipokuwa.

Rubani alishuka, akauliza yule mtu ni nani. Dastani akaitwa.

"Fukuza," alisema bwana wa uwanja, "omba chochote."

Kila mtu alijua ataomba nini.

"Bwana, naomba lile swali la mwisho lisahihishwe upya."

Karatasi ilitafutwa kabatini, ikapatikana imegeuka rangi. Bwana wa uwanja akasoma swali lake mwenyewe, masikio yakamwiva. Akafuta sifuri, akaandika kumi, akajumlisha.

"Arobaini na nane. Bado umeanguka."

"Najua, bwana. Lakini swali hilo nimepata." Na machozi yakamtoka, mtu mzima, mbele za watu.

Rubani, ambaye alama za mtu hakuziuliza, alikuwa amekwisha kufungua mlango wa ndege.

Walizunguka juu ya Lionja polepole. Mawingu yalikuwapo, kimya hakikuwapo kabisa, na nyumba haikufanana na kibuyu. Aliitambua kwa kanga ya Dionisia iliyoanikwa. Kisha akauona uwanja, nyasi zake zimekatwa sawasawa, na pembeni mtu mdogo mwenye bendera, ameinua uso. Dastani alimwonea huruma Ignasi, maana alikijua kile kisimamo.

Hadi uzeeni alipohadithia alisema, "Ndege amenibeba." Wajukuu waliosoma walitaka kumsahihisha: imenibeba, babu.

"Amenibeba," alisema Dastani. "Hilo nilishalifanyia mtihani."